Jinsi ya kupata kazi za kulipwa na kampuni ukiwa mtengeneza maudhui Mombasa

Ujumbe wa kwanza nilioletewa na hoteli ulikuwa mfupi: njoo na mwenzako, mle chakula cha mchana bure, mtupostie. Nikaenda. Nikala samaki wa kupaka, nikapiga video nne, nikazihariri siku mbili, na nauli ya tuktuk kutoka Kibokoni hadi Nyali, kwenda na kurudi, nikaitoa mfukoni mwangu. Miezi mitatu baadaye dadangu akanitumia picha ya skrini: video yangu inatembea Facebook kama tangazo la kulipiwa, na chini yake watu wanauliza bei ya chumba. Sikuwa na la kulalamikia. Hakuna mahali tulipoandikiana kwamba hawaruhusiwi.

Mengi ya yaliyomo humu nimeyajua kwa njia hiyo, hasara moja baada ya nyingine. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye wafuasi elfu tatu hadi elfu hamsini, simu nzuri, na makao yake hapa kisiwani, Kisauni, Changamwe au ng'ambo ya Likoni. Mwenye milioni ana meneja wake; amuulize huyo.

Hatua ya 1: Jua unachouza

Kampuni haikosi pa kupata wafuasi. Nairobi kuna watu wenye wafuasi laki tano na wanajibu meseji haraka kuliko wewe. Usishindane nao hapo. Ulicho nacho wewe ni watu wa Mombasa wanaokuamini ukiwaambia mahali pa kula, pa kushonea nguo ya harusi, au duka lipi la Mtaa wa Biashara limeshusha leso mpya. Imani hiyo ndiyo bidhaa yako.

Bidhaa ya pili ni ulimi wako, na wengi wetu hatujui kuwa una bei. Wakala mmoja aliwahi kunitumia maneno ya kusema kwenye tangazo la mafuta ya kupikia: "Pata uzoefu wa ladha isiyo na kifani." Nani Mombasa humwambia mwenziwe hivyo? Nikaomba ruhusa niseme: "Mahamri haya hayajanywa mafuta, hebu yashike." Wakasita, wakakubali. Ndiyo sehemu pekee watu walioirudia kwenye maoni. Kiswahili cha hapa kinaeleweka hadi Tanga na Unguja, na kampuni inayouza pande zote mbili za mpaka inalijua hilo. Ukijilazimisha Sheng ya Nairobi ili uonekane wa kisasa, unatupa kitu ambacho wao wangekilipia.

Sasa andika sentensi moja inayosema unamwonyesha nani kitu gani. "Naonyesha familia za Mombasa mahali pa kula kwa chini ya shilingi mia tano." "Nafundisha mabinti kushona dira." Ukiandika "napenda maisha, safari na chakula" hujasema kitu, maana nani asiyependa?

Hatua ya 2: Fagia mlangoni

Nusu saa yatosha. Geuza akaunti iwe ya biashara au ya mtengeneza maudhui ili uweze kuona takwimu zake. Weka sentensi yako ya hatua ya kwanza, jina la mji na barua pepe inayofanya kazi. Bandika juu video tatu ambazo ungependa mteja azione kwanza. Zile za ugomvi na jirani, zifiche.

Hatua ya 3: Fanya kazi tatu za mfano, na zihesabu

Hapa ndipo wengi hukosea. Hufanya kazi za bure kumi na tano, halafu hawana cha kuonyesha ila video. Mtu wa masoko ameshaona video nyingi. Anachotaka kujua ni kilichotokea dukani baada ya video.

Chagua biashara tatu ndogo zilizo karibu nawe, na ziwe za kundi unalotaka likuajiri baadaye. Ukitaka hoteli, anza na mkahawa. Ukitaka kampuni za unga na mafuta, anza na mama wa vitumbua. Nenda mwenyewe, salimia vizuri, mwambie: "Mama, nitakupigia video bila malipo, lakini nataka unisaidie kitu kimoja: tuhesabu." Akikataa kuhesabu, mnunulie vitumbua vyako uende kwa mwingine.

Namna ya kuhesabu haihitaji mtambo. Mimi nilianza na mama mmoja anayeuza viazi karai na mihogo upande wa bustani ya Mama Ngina. Hana kompyuta, ana ndoo. Ijumaa mbili za kabla ya video aliuza ndoo moja na nusu ya viazi kila Ijumaa. Ijumaa iliyofuata video, ndoo tatu ziliisha kabla ya adhana ya Magharibi. Nikaandika hivyo hivyo kwenye wasifu wangu, ndoo na adhana, na meneja wa kwanza aliyeisoma alicheka akanipigia simu.

Mwenye duka lenye namba ya Till ya M-Pesa ana kazi rahisi zaidi, kwa sababu malipo yote yameandikwa. Linganisha siku na siku inayofanana nayo: Jumamosi na Jumamosi, siyo Jumamosi na Jumanne. Na usilinganishe katikati ya mwezi na mwisho wa mwezi ukasema ni video yako. Tarehe 30 kila mtu anauza. Njia nyingine ni neno la siri. Kwenye video unasema "ukifika taja pilipili", na muuzaji anaweka alama kwenye daftari kila anayetaja. Huwapati wote, maana wengine huona haya kutaja, ila wale waliotaja hakuna atakayebisha kuwa wametoka kwako.

Hatua ya 4: Kurasa mbili za wasifu

Zisizidi mbili. Picha yako, sentensi yako, wafuasi wako ni akina nani, matokeo ya zile kazi tatu, na njia ya kukupata. Bei usiiweke humo, nitaeleza kwa nini.

Kwenye idadi ya watazamaji, toa wastani wa haki. Chukua video kumi za mwisho, futa iliyoonwa na watu wengi zaidi na iliyoonwa na wachache zaidi, jumlisha nane zilizobaki, gawa kwa nane. Ile moja iliyolipuka kwa sababu paka aliiba samaki haimsaidii mteja kujua atapata nini wiki ijayo. Kisha piga picha ya skrini ya miji wanakotoka wafuasi wako. Kwa mkahawa wa Bamburi, watu elfu nne walio Mombasa wana faida kuliko elfu themanini waliotawanyika duniani. Picha hiyo hiyo ndiyo inayowafichua walionunua wafuasi, kwa hiyo usijisumbue kununua.

Hatua ya 5: Andika wewe kwanza, na uandike mapema

Ukingoja kuandikiwa utaandikiwa na wa chakula cha bure. Mwaka wa biashara hapa Pwani una majira yake, na pesa za matangazo hugawanywa kabla ya majira kufika. Hoteli hupata wageni wengi wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na tena Agosti. Anayetaka kazi ya Desemba aandike Agosti au Septemba. Masika, mwezi wa Aprili na Mei, wageni wa nje hupungua na hoteli huwatafuta wakaazi wa humu nchini kwa bei nafuu. Huo ni wakati mzuri wa mtu mdogo kusikilizwa. Ramadhani ni msimu mkubwa wa unga, mafuta, juisi, tende, vyombo na nguo za Idd. Andika miezi miwili kabla, na kumbuka kila mwaka inawahi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo usitumie kalenda ya mwaka jana.

Usiandike kwa anwani ya jumla ya kampuni. Tafuta jina la ofisa wa masoko, aghalabu linapatikana LinkedIn. Mwenye duka la familia mjini hataki barua pepe. Mwendee asubuhi kabla wateja hawajajaa, na Ijumaa adhuhuri usimsogelee. Ujumbe wangu huwa hivi:

"Salaam Bi. Mimi napiga video za vyakula kwa watu wa Mombasa. Wafuasi wangu wengi wako hapa hapa mjini. Nimeona mmeanza biriani ya Jumapili lakini kwenye ukurasa wenu hakuna video inayoonyesha sinia likifunuliwa. Ningependa kuwatengenezea video mbili kabla ya mwezi kwisha. Mkahawa niliofanya nao kazi mwezi jana ulipata wateja arobaini na moja waliotaja video. Nikuletee kurasa mbili uzione?"

Ndani ya ujumbe huo kuna kitu kimoja kilichokosekana kwao, tokeo moja, na swali linalojibika kwa ndiyo. Usipojibiwa, kumbusha baada ya wiki moja, kisha mara ya pili, halafu nyamaza hadi msimu ujao.

Kampuni kubwa za simu, benki na soda mara nyingi hazikuajiri moja kwa moja. Kazi zao hupitia mawakala wa matangazo, na wengi wao wako Nairobi. Jiandikishe kwao ukisema wazi kuwa uko Mombasa. Kumleta mtu kutoka Nairobi kunawagharimu tiketi ya ndege au ya treni ya SGR, teksi kutoka Miritini, na chumba. Wewe unakuja kwa matatu.

Hatua ya 6: Bei

Anza na sakafu, yaani gharama ambayo chini yake unamlipia mteja tangazo lake. Hesabu yangu ya video moja ya sekunde arobaini ni hii: nusu siku ya kurekodi shilingi 5,000, saa tano za kuhariri kwa 800, ni 4,000, nauli na chakula 1,200, bando 500, kuchakaa kwa simu na maikrofoni 1,000. Jumla 11,700. Namba zako zitakuwa nyingine, lakini ziandike. Kabla sijaziandika nilikuwa nakubali shilingi elfu tano nikijiona nimepata.

Juu ya sakafu, gawa bei yako mara tatu, kwa sababu mteja ananunua vitu vitatu hata kama anavitaja kama kimoja. Kwanza, kuitengeneza video. Pili, kuiweka kwenye ukurasa wako mbele ya watu wako. Tatu, ruhusa ya yeye kuitumia: kuiweka kwenye ukurasa wake, kuilipia itembee kama tangazo, kuiweka kwenye runinga ya mapokezi. Hii ya tatu ndiyo niliyoigawa bure kule Nyali. Siku hizi natoza asilimia 30 ya bei kwa kila siku 30 za kuitembeza kwa malipo. Hiyo ni desturi yangu, wala si sheria ya mtu. TikTok wana utaratibu ambapo mteja hukuomba msimbo (code) wa video ili ailipie ikiwa bado iko kwenye ukurasa wako. Unapoutoa, chagua muda wake, na muda huo ndio unaoutoza.

Kuna la nne linalojificha: kuzuiwa usifanye kazi na mpinzani. Kampuni ya juisi ikikufunga miezi sita, na Ramadhani imo ndani ya miezi hiyo, umeuza msimu mzima. Ulipishe msimu mzima, au upunguze muda uwe wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kuweka video.

Hii ndiyo sababu bei haikai kwenye wasifu. Mpaka ujue wanataka nini kati ya hivyo, huna bei ya kutaja. Wakikuuliza bei kwenye meseji ya kwanza, uliza nawe: video ngapi, zitakaa wapi, kwa muda gani.

Mteja akisema bajeti ni ndogo, punguza kazi, siyo bei. "Kwa kiasi hicho nitawafanyia video moja badala ya mbili, bila ruhusa ya kuilipia." Na chumba cha bure, je? Kubali kama ungekinunua kwa pesa zako mwenyewe na kama unahitaji picha za hoteli kwenye wasifu. Nje ya hapo, fundi wa simu yako hapokei kifungua kinywa cha hoteli kama malipo.

Hatua ya 7: Karatasi

Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walisema, nao hawakuwahi kusubiri malipo ya siku tisini. Si lazima mwanasheria. Barua pepe moja inayotaja kazi, tarehe, bei, ruhusa na muda wake, marekebisho mangapi (mimi natoa mawili), na siku ya kulipwa, wakaijibu "tumekubali", tayari ni kitu cha kushika mkononi. Kwa mteja mpya mdogo chukua arbuni ya nusu kabla hujatoka nyumbani. Kampuni kubwa haitoi arbuni kirahisi. Hiyo itakupa LPO, yaani hati yake rasmi ya kuagiza kazi. Usianze kazi bila LPO hata kama mtu wa masoko ni rafiki yako, kwa sababu anayelipa ni mtu wa hesabu, na huyo hakujui.

Upande wa kodi. Uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Tangu Julai 2023 anayekulipa kwa maudhui ya kidijitali hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya. Ankara ya shilingi 40,000 itakuletea 38,000, na zile 2,000 zidai cheti chake, maana zinahesabiwa kwako unapowasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Na tangu Januari 2024 gharama ya kampuni isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi kwenye hesabu zake za kodi, ndiyo maana wanakusumbua kuihusu. Jisajili kabla ya kuipata kazi. Mwenzangu mmoja alikaa wiki tano akisubiri pesa zilizokuwa tayari, kwa kukosa hiyo tu.

Na yeyote anayekutaka ulipe "ada ya usajili" ili uingizwe kwenye kampeni, au akuombe neno la siri la akaunti yako, ni mwizi. Hakuna zaidi ya kuchunguza.

Hatua ya 8: Siku ya kurekodi

Bahari ndiyo itakayokuaibisha kwanza. Mteja anataka maji ya buluu hadi ukingoni, wewe unafika saa nne asubuhi na maji yamekupwa hadi mwambani, mbele yako ni mwani na vidimbwi. Uliza wavuvi au tazama majedwali ya maji, na wakati wa bamvua angalia mara mbili, kwa sababu ndipo maji yanapokwenda mbali zaidi na kujaa zaidi. Fuo zetu zinatazama mashariki: jua hupanda kutoka baharini. Alfajiri hadi saa tatu nuru inampiga usoni aliyeitazama bahari. Jioni jua liko nyuma ya hoteli na ufuo umeingia kivulini. Wakati wa kusi upepo hula sauti, kwa hiyo ifunike maikrofoni kwa sifongo au urekodi maneno chumbani baadaye.

Ngome ya Yesu iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na kurekodi kwa biashara humo kunahitaji kibali na malipo, siyo tiketi ya kawaida ya kuingilia. Droni inasimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na haitaki bahati nasibu. Kivukoni Likoni usitoe kamera kabla hujaomba ruhusa. Vibali hivi ni gharama ya mteja. Viandike kwenye bei.

Halafu kuna watu. Mji wa Kale ni nyumba za watu, si pazia la nyuma. Mama aliyeketi barazani hakuombwa awe kwenye tangazo la sabuni. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuombwa kwanza, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Uliza, na jibu likiwa hapana, geuza kamera. Watoto, mpaka mzazi aseme.

Hatua ya 9: Sema kuwa umelipwa

Washa alama ya ushirikiano wa kulipwa iliyomo kwenye Instagram na TikTok, kisha uitamke pia kwa mdomo. Nilikuwa nahofia watu watakimbia. Hawakukimbia, waliokasirika ni wale walioligundua wenyewe siku niliyonyamaza. Kamari usiiguse: miongozo ya serikali ya mwaka 2025 imekataza watu maarufu na watengeneza maudhui kuitangaza. Krimu za kuchubua ngozi nazo, hata wakikupa mara tatu ya bei yako, utakutana na wafuasi wako sokoni Kongowea na nyuso zao.

Hatua ya 10: Ripoti

Wachache huituma, ndiyo maana inalipa. Siku ya saba baada ya kuweka video, tuma ukurasa mmoja: walioiona, walioihifadhi, waliowatumia wenzao, na maoni matano yanayouliza bei au mahali, yakiwa yamefichwa majina. Siku ya thelathini, mpigie mteja simu umuulize kilichotokea dukani, ukiandike. Kama video haikufanya vizuri, mwambie kabla hajakuambia, na useme ungebadilisha nini. Nilipomwambia mmoja kuwa tulikosea kuiweka Jumatatu badala ya Alhamisi jioni, aliniomba tuirudie, na safari hiyo alilipa.

Kisha, kabla hujakata simu, uliza: bajeti ya Ramadhani mnaikalia lini?